Maji Yanayopita Chini ya Nyumba ya Bi Mize

Mwatima Mjaka ana tabia moja ambayo wenzake kazini wameshaizoea, ila wageni bado inawashangaza. Akichoka kukaa, huteremka uani, akaondoa ubao uliofunika kisima cha zamani, akainama, akasikiliza. Hachoti. Hata ndoo hapana. Anasikiliza tu, kichwa upande, mtandio umemteleza begani, kama mtu anayesikiliza taarabu ya harusi ya mtaa wa pili. Halafu anafunika, anajipangusa magoti, anarudi juu kwenye ramani zake.

"Yamesemaje leo, Bi Mwatima?" humtania yule bwana wa mlangoni.

"Yamekuulizia wewe," humjibu bila kusimama. "Yanataka kujua lini utakoga."

Ndiye Mwatima huyo. Usimwone mpole ukadhani hana ulimi.

Ofisi yao ipo Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa ambayo zamani ilikuwa ya tajiri fulani, na kama nyumba nyingi za matajiri wa wakati ule, ilichimbiwa kisima chake mwenyewe humo humo ndani. Chumba cha Mwatima ni cha nyuma, ghorofa ya juu, chenye madirisha mawili na upepo usiokatika. Humo zimo ramani za maji ya chini ya ardhi ya Unguja nzima: visima vilipo, vina kina gani, maji yake matamu au ya chumvi. Nyingine zimechorwa kwa mkono na watu walioshakufa zamani, kwa wino wa buluu uliokwisha kuchuja. Kazi yake ni kuzitunza, na siku hizi kuzipitisha moja moja kwenye mashine ili ziingie kwenye kompyuta. Kazi ya kuchosha, utasema. Kwako wewe labda. Yeye huanza kuangalia mstari mmoja wa buluu asubuhi, na adhana ya adhuhuri ikamkuta bado yumo ndani yake, anatembea.

Maana Mwatima huota macho makavu, na anachokiota ni maji. Wenzake wakipita sokoni Darajani wanaona vitambaa na viatu. Yeye anaona chini ya viatu. Unguja hii haina mto wa kujivunia. Mvua yake inazama, na ikishazama inaendelea na safari zake huko chini, polepole, kuelekea baharini, na sisi huku juu tunagombana na kuoana hatuna habari. Upande wa mjini na mashamba ya karafuu udongo ni mnene, maji yana pa kukaa. Lakini kusini ni maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, na huko maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi, tabaka jembamba tu. Ukichota kwa pupa, chumvi inapanda. Ikishapanda, basi tena.

Na huko kusini, maweni khasa, katika kijiji cha Kumbini, ndiko aliko mama yake.

Bi Mize alikuwa mtu mzima sana sasa, mkavu, mwepesi, bado anapeta mchele wake mwenyewe. Kisima cha Kumbini kilikuwa kimoja, karibu na pwani, na kilikuwa kimeingia chumvi. Mfereji wa bomba ulishafikishwa, alhamdulillahi, lakini ukiufungua unakohoa upepo tu. Bi Mize akaendelea kunywa ya kisimani, akazidisha sukari kwenye chai ili ladha isimsumbue, mpaka siku alipoanguka jikoni. Daktari akasema ni presha, na akasema wazi: mama huyu akiendelea na maji haya hamtakuwa naye muda mrefu.

Abdulrazak, kaka yake Mwatima, ana nyumba nzuri Mpendae, huko mjini, yenye tangi juu ya paa. Akampigia simu dada yake.

"Ramadhani haimkuti Bi Mkubwa Kumbini," alisema. "Nshasema na mke wangu. Chumba kipo tayari."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema hendi. Mara uso chini, mara analia. Mwatima, mimi siwezi kumzika mama kwa sababu ya ukaidi wake."

Na kweli Bi Mize alikuwa akilia. Mwatima alimwona kwa macho yake, amekaa barazani, machozi yanateremka bila sauti, na kila akiulizwa kwa nini hataki kwenda kukaa kwa mwanawe, mahali pazuri, palipo na wajukuu, anajibu neno moja: "Sendi." Mwatima alirudi mjini moyo umemvimba. Alimjua mama yake. Ukimng'oa Kumbini bila ridhaa yake, humpeleki Mpendae mtu mzima. Unapeleka nusu mtu. Akajisemea: mimi niliyekaa na ramani za maji umri wangu wote, nishindwe kumtafutia mama yangu kisima?

Akaanza kutafuta. Akaiteremsha ramani ya kusini iliyo ya zamani kuliko zote, akaitandaza mezani, akaweka vikombe kwenye pembe zisikunjike. Vijiji vya jirani vyote vilikuwa na vidoa vyao vya buluu. Kumbini palikuwa peupe. Peupe kabisa, kama kipande cha shuka. Pembeni mpimaji wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli kwamba wenyeji wamemwambia ukiacha kisima cha pwani hapana maji.

Akaitoa ramani iliyofuata, peupe. Ya baada yake, peupe vilevile. Ikamjia kwamba kila mchoraji alikuwa amemfuata aliyemtangulia, na hakuna aliyekwenda kuuliza mara ya pili. Na vijana wa kamati ya kijiji nao wameirithi habari hiyo hiyo: mwaka jana alikuja mfadhili na mtambo wake wa kuchimbia, wakamwambia asijisumbue, ramani ya serikali inasema hapana kitu. Mtambo ukaenda kijiji kingine.

Pale ofisini alikuwapo kijana mmoja, Suhail, amesomea mambo ya miamba ng'ambo na amerudi na adabu zake zote. Mwatima akamwita.

"Naam, Bi Mwatima." Akaja, akatazama, akafungua kompyuta yake amwonyeshe ramani ya dunia nzima iliyopo mtandaoni. Unguja yote ilikuwa imepakwa rangi moja.

"Loo! Hii nayo ni ramani?" Mwatima akacheka. "Mtu kamwaga chai akaenda zake."

Suhail naye akacheka, akaifunga. "Hii haitufai. Una vipimo? Si picha, vipimo. Visima vya jirani, maji yamesimama urefu gani kutoka usawa wa bahari?"

Vipimo anavyo! Wa kuvijua vilipo ni nani kama si yeye? Akafungua kabati, akachambua, akatoa karatasi za visima vya vijiji vyote vinavyoizunguka Kumbini. Yeye akawa anasoma, Suhail anahesabu na kuweka nukta. Halafu wakaziunga nukta zenye urefu sawa, na Suhail akamweleza kwamba maji huikata mistari hiyo, yanatoka palipo juu kwenda palipo chini, kama mtu anayeteremka ngazi. Penseli ikatembea. Ilipofika kwenye ule weupe wa Kumbini, mistari yote ikapinda, ikaingia ndani, ikatoka.

Suhail akainua penseli. "Bi Mwatima, mistari haipindi hivi bure. Hapa pana njia ya maji."

"Lakini wameandika hapana."

"Wameandika kwamba wameambiwa hapana."

Mwatima akaweka kidole pale ilipopinda. Palikuwa baina ya nyumba ya mama yake na makaburini. Alikulia pale. Alicheza pale. Hakuwahi kuona hata tone.

Siku ya pili yake akaenda Kumbini na ramani yake mpya kaikunja ndani ya kanga. Alimkuta Bi Mize uani, ungo mkononi, anapeta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo siyo siku yako?"

Mwatima hakungoja hata chai. Akaitandaza ramani juu ya mkeka, akaeleza, kidole kinakimbia juu ya mistari. "Hapa, Mama. Baina yako na makaburini. Hapa chini pana maji."

Ungo ukasimama.

"Nani kakwambia?"

"Ramani."

"Usiniongopee. Ramani wameandika hapana. Mie nilikuwepo walipoambiwa."

Bi Mize akauweka ungo chini, akatazama huku na huku kama mtu anayechelea kuta zake mwenyewe, kisha akasema yale ambayo hakuwahi kumwambia mwanawe yeyote.

Kisima kipo. Kimo ndani ya pango dogo, nyuma ya makaburi, kimefunikwa kwa jiwe na vichaka. Ni maji ya kuoshea maiti, na hayajawahi kutumiwa kwa kitu kingine. Wanakijua waosha tu: baba yake Bi Mize aliyekuwa akiosha wanaume pamoja na wazee wenzake, na yeye Bi Mize mwenyewe, aliyewaosha wanawake wa Kumbini mpaka mgongo ulipomkatalia, akamwachia mwingine. Wengine wote wanaona ndoo imefika msibani, wanafunika nyuso. Nani anauliza maji ya maiti yametoka wapi?

"Wakaja watu wa serikali na kamba zao," alisema Bi Mize. "Mie msichana mdogo. Kila wanapoandika kisima, baadaye inakuja pampu. Babu yako akaona, wakiandika na hiki, watu watakuja kupikia wali maji ya wafu wetu. Akasema hapana maji. Wazee wenzake waliokuwa wanajua wakaitikia, hapana. Basi ikawa hapana. Wakafa mmoja mmoja, na watoto wao wakaamini."

"Na ule mtambo mwaka jana? Ulisikia wanaurudisha?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Niseme nini, Mwatima? Niwape wale vijana maji aliyooshewa baba yako wakakorogee chai?"

Hapo Mwatima akapandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya mapenzi, ile mbaya zaidi. Akamwambia mama yake kwamba amekaa anajiua kwa kikombe, anakunywa chumvi ilhali anajua, anawaliza wanawe, anamtia Kaka Abdulrazak wazimu. Alisema mengi. Bi Mize alimwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Sanda yake, nyeupe, imekunjwa vizuri. Karafuu maiti ndani ya kitambaa. Udi kidogo. Vyote amejinunulia mwenyewe.

"Nina kila kitu," alisema. "Kimebaki maji, na maji yenyewe yako hapa. Nikifia Mpendae nani atanichotea? Nimewaosha mama yangu, dada zangu, shoga zangu wote kwa maji yale. Baba yako kaoshwa kwa yale. Mie nioshwe na tangi la Abdulrazak?"

Mwatima akalia. Alilia kwa kuwa hakujua, na kwa kuwa sasa anajua. Mama yake akampa upande wa kanga ajifute, kisha akarudi kwenye mchele wake, maana chakula cha mchana kilikuwa bado.

Baada ya kula Mwatima akajinyoosha chumbani, sakafuni, sikio juu ya saruji baridi kama alivyokuwa akilala utotoni. Nje jua limeshika ukimya. Usingizi ukamjia nusu, nusu haukuja, na humo katikati akaanza kutembea ndani ya mistari yake. Akaiona mvua inazama huko bara, ndani ya kisiwa, kwenye misitu, inapenya kwenye matundu ya mawe, inateremka bila haraka gizani, hainung'uniki. Akaifuata. Ikapita chini ya mihogo ya jirani, ikapita chini ya kuta za nyumba hii, chini ya sakafu hii, chini ya shavu lake. Halafu ikaendelea, ikafika pangoni, ikatulia kidogo kwa wafu, ikaenda zake baharini. Akafungua macho. Akakaa kitako ghafla.

"Mama!"

"Naam!"

"Njoo utazame. Maji yanakwenda pwani, siyo?"

"Kila kitu kinakwenda pwani."

"Basi kabla hayajafika kule kwenye pango, yanapita wapi?" Akamshika mkono mama yake, akakiburuta kidole chake kikavu juu ya karatasi, kutoka bara kuja chini, mpaka kikasimama. "Hapa ni wapi?"

Bi Mize hakuwa amesoma ramani maishani mwake, lakini hapo alipasoma. "Ni kwangu."

"Ni kwako. Yanapita kwako kwanza. Hapa hayajaosha mtu, Mama, hayajamjua maiti hata mmoja. Ni maji tu."

Bi Mize akakiacha kidole chake pale pale. Kuku wakaingia uani wakatoka. Mwishowe akasema, "Chimbeni hapa kwangu. Lakini kile cha kule usikitie kalamu. Babu yako alisema hapana, na wewe useme hapana."

Kwa mtu aliyetumia umri wake kujaza weupe wa ramani, hilo lilikuwa jiwe la kumeza. Akalimeza. "Sikitii," akasema.

Suhail alikuja na vyombo vyake. Akachomeka vyuma ardhini uani kwa Bi Mize, akavuta nyaya kutoka kimoja hadi kingine, akasoma, akasogeza, akasoma tena. Mwatima hakumwambia lolote kuhusu pango, naye hakupimia upande huo. Akasema maji yapo, matamu, lakini tabaka ni jembamba: ndoo na kamba tu, pampu kubwa marufuku. Akaletwa Borafya, mchimba visima, mtu wa mabega na maneno machache, akaanza kuyapasua mawe.

Mawe ya Kumbini si mchezo. Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikaingia, Borafya bado anatoa vumbi jeupe. Ikafika katikati, vumbi. Abdulrazak akija anachungulia shimo, anatikisa kichwa, anasema mnachimba tanuri la chokaa. Mwatima naye akaanza kuogopa, kuogopa kweli, usingizi ukamkimbia. Je, kama mistari imemdanganya? Je, kama alichokiona sakafuni siku ile ilikuwa ndoto tu ya mtu aliyeshiba wali?

Shaabani ilipokaribia kwisha Abdulrazak akaja na gari. Hakugomba. Alimbusu mama yake mkono, akabeba kasha lake lenye sanda, akalipakia nyuma, akarudi kuchukua godoro. Bi Mize alisimama mlangoni, buibui kalivaa. Mwatima hakuweza kumtazama. Akaenda ukingoni mwa shimo, akainama kama anavyoinama ofisini, akasikiliza. Nyundo ya Borafya ilikuwa inagonga kukavu, kukavu, kukavu. Kisha ikagonga, na mlio ukawa mwingine.

"Bi Mwatima!" Borafya alipiga kelele kutoka chini. "Teremsha ndoo! Miguu inarowa!"

Ndoo ya mwanzo ilikuja tope. Ya pili tope jepesi. Wakangoja yatulie, na Abdulrazak yuko pale godoro kichwani, kasahau kulishusha. Ilipokuja ndoo yenye maji meupe Mwatima akachota kikombe ampe mama yake, lakini Bi Mize akakikataa kwa mkono.

"Nipe sabuni."

"Mama, onja kwanza."

"Nshakwambia nipe sabuni!"

Akapewa kipande cha sabuni. Akachutama, akaitia mikono yake ndani ya maji, akaisugua. Maji ya kile kisima cha pwani sabuni inayakimbia, inabaki utando tu. Kumbini nzima ilishasahau sabuni hutoa kitu gani. Hapa povu likapanda. Likapanda jeupe, likajaa viganjani, likamwagika mpaka kwenye viwiko, na Bi Mize akaendelea kusugua polepole, macho kayafumba, vidole vinakwenda na kurudi kama vilivyokuwa vikienda na kurudi juu ya mabega ya mama yake, na dada zake, na shoga zake wote. Mikono ile iliyajua maji yale kuliko ramani yoyote.

"Ndo yenyewe," alisema. "Yaleyale."

Ndipo akapokea kikombe, akasema bismillahi, akanywa kwa mara ya kwanza maji aliyoyagusa umri wake wote. Akanywa yote. Abdulrazak akalishusha godoro ndani ya nyumba, akaenda garini kulirudisha kasha, na alipopita nalo mbele ya mama yake alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Mwatima akainua ndoo ili ateke nyingine. Bi Mize akamshika mkono, macho yake upande wa makaburini.

"Yatosha kwa leo, mwanangu," alisema. "Haya nshakunywa. Yaliyobaki yaache yatangulie, yakanisubiri kule."